Herufi Moja Ukutani

Alhamisi. Joto. Mawingu yamekaa juu ya Kamina tangu asubuhi na hayajaangusha hata tone, na mimi nimerudi nyumbani na rangi nyeusi kwenye kucha na roho mbaya.

Naandika roho mbaya kwa sababu hapa ni kwangu, hakuna anayenilazimisha kujisema vizuri. Nina wivu. Ni wivu wa kweli, ule unaokaa nawe mezani na kula bukari, ugali wetu, pamoja nawe. Nimekuwa nao siku nne mfululizo na leo mchana umenifanya nione haya mbele ya mtu.

Nianze mwanzoni, maana nikianza katikati nitajipendelea.

Jumatatu mama préfet, mkuu wa shule niliyosomea, alinipigia simu. Kazi yangu ni kuandika kuta. Duka la dawa, saluni, kanisa, baa: ukiona jina limeandikwa vizuri katika mji huu, kuna uwezekano mkubwa ni mkono wangu. Alisema Jumamosi ukumbi wa shule utafungua maonyesho ya msanii mkubwa anayekaa Lubumbashi, mtoto wa hapa hapa. Ukuta wa mbele unataka jina la maonyesho kwa herufi kubwa, na chini yake maelezo ya maisha ya msanii. Karatasi ya maneno alikuwa ameshatumiwa.

"Utamujua," akasema. "Mulisoma naye."

Nilishajua kabla hajamaliza.

Zaina. Baba yake alikuwa anauza vitenge sokoni, familia ya Waislamu waliotoka Maniema zamani na biashara zao. Tulikaa dawati moja miaka mitano. Mimi nilimtangulia kuzaliwa kwa miezi michache, kwa hiyo aliniita yaya, yaani dada mkubwa, nami niliupenda ukubwa huo. Tulikuwa tunachora pamoja, tunaimba pamoja, tunaigiza pamoja, na mwalimu akimwita mmoja tulisimama wawili.

Siku hizi wanamwita artiste plasticienne. Nilipomtajia jirani yangu mama Ilunga neno hilo, akaniuliza, "Plasticienne? Anauzishaka mabeseni?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipaswa kumweleza kwamba ni mtu wa sanaa za kuona, mtu ambaye kazi zake huning'inizwa na watu huja kuzitazama. Sikumweleza. Nilimwacha aende sokoni na habari yake, na sasa nusu ya soko inasubiri mabeseni Jumamosi.

Ndivyo nilivyo wiki hii.

Karatasi ilikuwa moja, imepigwa chapa. Juu kabisa, peke yake, palikuwa na neno GALE. Chini yake, sentensi chache: "Zaina ni msanii wa sanaa za kuona, mzaliwa wa Kamina. Alianza na uchoraji, kwenye pazia la jukwaa la shule yake. Tamthilia ilimfundisha kusimama mbele za watu. Muziki ulimfundisha kusikiliza. Leo kazi zake zinabeba vyote vitatu."

Nilisoma mara nyingi. Nilikuwa natafuta jina langu, kama mtu anayerudia kupekua mfuko aliokwisha kuupekua.

Lile pazia la jukwaa nalijua. Nusu yake niliipaka mimi.

Tulikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Mchezo wa shule ulihusu mwanamke anayesubiri treni ya kutoka Luena, ambako mume wake anachimba makaa. Kila siku anakuja stesheni na kila siku treni inateremsha watu wengine. Yule mwanamke nilikuwa mimi. Zaina alikuwa nyuma ya pazia na kopo la maziwa lenye changarawe ndani, analitikisa taratibu kisha haraka, ili watu wasikie treni inakuja. Pazia tulilishona kwa mashuka ya zamani. Zaina akachora mabehewa na anga. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na mkono wa herufi, nikaandika jina la mahali juu ya mlango wa stesheni.

Niliandika GALE.

Asiye wa huku huenda asielewe. Kiluba chetu hakina R, na ulimi uliokulia ndani yake unaweka L bila kuuliza. Nyumbani kwetu neno la Kifaransa gare, yaani stesheni, lilikuwa gale. Baba alifanya kazi reli tangu ujana wake, na kila asubuhi alisema anaenda ku gale. Neno lenyewe sikuwahi kuliona limeandikwa. Nililiandika kama nilivyolisikia kinywani mwa baba, na sikuona sababu ya kumuuliza mtu.

Siku ya mchezo, pazia lilipofunguliwa, mbele walikaa walimu na wageni, na nyuma yao familia za wanajeshi wa kambi, watu waliotoka kila upande wa nchi. Mtu mmoja akasoma kwa sauti: "Ga-le." Akarudia. Halafu kicheko kikaanza kiti kwa kiti mpaka ukumbi mzima ukawa unacheka. "Baluba na L yabo!" mwingine akapiga kelele. Baba alikuwa amekaa mstari wa tatu, amevaa koti lake la kazi kwa sababu alitoka huko moja kwa moja. Nilimwona kupitia tundu la shuka. Alikuwa anatazama pazia, anawatazama watu, anatazama tena pazia, hajui wanacheka nini.

Sikutoka. Mwalimu aliniita mara mbili, mara tatu. Nilikuwa nimeketi sakafuni nalia. Zaina aliyajua maneno yangu yote, maana mazoezi tulifanya wote wawili, na ndiye aliyetoka akiwa amevaa kitenge changu. Alicheza vizuri. Alicheza vizuri sana, na miongoni mwa wageni alikuwepo mtu aliyeongoza kundi la tamthilia Lubumbashi. Mwaka wa shule ulipokwisha, Zaina akapanda treni.

Kwa miaka ishirini na moja nimewaambia watu kwamba Zaina alichukua nafasi yangu. Nimemwambia mume wangu, nimewaambia dada zangu, nimewaambia hata watoto. Alivaa kitenge changu, nasema, na watu wanatikisa kichwa.

Kitenge nilikivua mwenyewe. Nilimfunga kiunoni kwa mikono yangu naye alikuwa anasema hapana, yaya, hapana.

Hilo sijawahi kulisema popote.

Sikupanda tena jukwaani. Nilinunua kamusi ya Kifaransa, kitabu kizito kisicho na jalada, na nikajifunza kila R iliyomo. Hata leo siandiki neno kabla ya kulitazama. Mtu akiniletea SALON DE COIFFULE, namrudishia R yake bila kumcheka. Ndiyo maana wananitafuta. Waandishi wa kuta ni wengi Kamina, lakini wanasema ukitaka isiyo na kosa, nenda kwa Ngoie. Hicho ndicho kitu nilichojijengea, na sikioni kidogo.

Sasa mtu anifikirie nimesimama na karatasi mkononi, juu yake neno GALE, na mwenye neno ni Zaina.

Mama préfet nilimwambia ni kosa la aliyepiga chapa. Aliitikia kwa kichwa, ana mambo mengi. Nilijiambia hivyo hivyo hata mimi. Lakini namba ya simu ilikuwa chini ya karatasi, imeandikwa wazi, na sikupiga. Nilijua si kosa la mashine. Nilidhani Zaina ananicheka kwa mbali, au ameokota aibu yangu na kuipeleka kwa watu wa mji mkubwa kama kitu chake. Sikujua ni lipi kati ya hayo mawili, na yote mawili yalinichoma.

Jumanne nilipiga kamba ya chaki ukutani ili mstari unyooke, nikapanda ngazi, nikaandika GARE. Ile R niliipaka kwa raha. Mguu wake niliurefusha kidogo, ukashuka mzuri, mweusi, hauna hatia.

Kisha nikashuka kwenye maelezo. Hapo ndipo wivu uliponitafuna hasa. Kuandika ukutani si kama kusoma. Kila herufi unaikalia. "Uchoraji" ulinichukua karibu nusu saa, na nusu saa nzima nilikumbuka vidole vyetu vyenye rangi ya bluu, kwa sababu bluu ilibaki nyingi tukajipaka. "Tamthilia" niliiandika meno nimeyauma. Nilipofika "muziki" nilitaka kuchekelea, maana sauti nzuri ilikuwa yangu, Zaina aliimba kama mlango. Halafu nikakumbuka kopo la changarawe. Lile lilikuwa wazo lake peke yake, na watoto wangu nimewaambia lilikuwa langu.

Jana jioni nilimaliza. Jina lake lilikaa chini ya kichwa, ZAINA, sentimita kumi na mbili, nyekundu. Ukuta ulipendeza, nakiri.

Leo nilikwenda kuosha kingo na kukusanya vifaa. Yeye alitarajiwa kesho. Kumbe alishafika.

Nilikuwa nimeombea nimkute amevimba, amejivuna, ananukia manukato, anaongea Kifaransa cha puani. Ningelala vizuri. Nikamkuta mwanamke mwembamba, kilemba kimejaa vumbi la barabara, viatu vimechoka, amesimama peke yake katikati ya uwanja anatazama juu. Ndani ya ukumbi walikuwa wanateremsha kazi zake. Nilichungulia. Ni maturubai makubwa ya kufunikia mizigo, yameshonwa pamoja kama mashuka yetu yale, na kila moja lina mlango wa stesheni, na juu ya kila mlango neno lile lile. Mbele ya maturubai kuna sanduku lenye kopo la maziwa linalojitikisa lenyewe kwa mota ndogo.

Aliponiona alinikumbatia kwa nguvu, na mimi nilisimama kama ngazi.

"Mukono yako ni ile ile," akasema. Halafu akauelekea ukuta tena. "Yaya, L iko wapi?"

Nikamwambia ilikuwa kosa. Nimelitengeneza.

"Haikukuwa kosa. Njo jina."

Ndilo jina lenyewe, ati. Akaanza kunieleza, kwa furaha, kama mtu anayempa mgeni habari njema. Huko Lubumbashi watu wanasimama mbele ya neno lile wanauliza maana yake. "Ninabaambiaka, GALE njo vile batu ba Kamina tunasemaka."

Hapo nililipuka.

"Tunasemaka? Weye ulisemaka gale siku gani? Kwenu mulisemaka gare, na R yenu muzuri. Minyi njo nilisema gale. Minyi njo balicheka. Leo weye njo banakupigia mikono!"

Wabeba maturubai walisimama kututazama. Mama préfet alitoa kichwa dirishani akakirudisha. Sikujali.

Zaina hakukasirika, na hilo nalo liliniudhi. Alikaa kwenye ngazi yangu, ngazi ya chini kabisa.

"Ni kweli," akasema. "Minyi sikusemaka."

Nikamuuliza basi jina langu liko wapi katika yale maelezo yake ya uchoraji na tamthilia na muziki. Akasema kwenye karatasi ya kwanza lilikuwepo, akalitoa mwenyewe. Alikumbuka nilivyolia, akaona hawezi kuweka jina langu karibu na kile kicheko bila kuniuliza.

"Na juu ya nini haukuniuliza?"

"Niliogopa utasema hapana. Kama unasema hapana, sina exposition."

Angeweza kunidanganya kitu kizuri zaidi. Sijui kama nampenda zaidi au kidogo kwa kutonidanganya. Nilikusanya makopo yangu ya rangi kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nilipokuwa naondoka akanifuata mpaka getini. "Weye njo utasema, yaya. R ama L. Ile utaandika kesho, njo tutafungua nayo samedi. Na kama unatia jina yako, minyi nitafurahi. Kama hautie, nitanyamaza." Kisha akaniambia wafwako, asante ya kwetu, Kiluba, na akaitamka vizuri kuliko nilivyotaka.

Kwa hiyo kesho ni mimi.

Si jambo dogo kama linavyoonekana. Nikiacha R, jina langu mjini linabaki safi, na Zaina anafungua maonyesho yake chini ya neno lisilo lake. Sehemu moja ya moyo wangu inalipenda sana jambo hilo. Nikiweka L, mji mzima utapita Jumamosi na kusoma GALE kwa herufi za nusu mita. Na nikiweka jina langu chini, hakuna atakayesema ni sanaa. Watasema Ngoie amekosea. Watasema ile kamusi ilikuwa ya bure. Mama Ilunga ndiye atakayekuwa wa kwanza.

Nimekula bukari na samaki wakavu wa Mulongo bila kusikia ladha. Mume wangu ameniuliza nina nini, nimesema kichwa.

Kilichonijia wakati naosha sahani si Zaina kabisa. Ni baba.

Siku ile ya mchezo tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na yeye, anasukuma baiskeli. Hakuuliza kwa nini sikutoka jukwaani. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Ile gale yako ilikuwa muzuri, mama." Aliniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Na mimi, macho bado yamevimba, nikamjibu kwa ukali: "Ni gare, baba. Ga-re." Akasimama. Akajaribu. "Ga-le." Akajaribu tena, polepole, mdomo wake unatafuta. Ikatoka ile ile. Akacheka kidogo peke yake na tukaingia ndani.

Tangu siku ile hakusema tena ku gale mbele yangu. Alisema ku kazi. Asubuhi zote zilizobaki, mpaka alipostaafu, mpaka alipofariki, "ninaenda ku kazi." Nilikuwa nimemnyang'anya neno lake mwenyewe, na nilidhani nimemfundisha.

Wale wa ukumbini walicheka jioni moja tu. Mimi niliendelea miaka yote.

Nimechukua daftari la watoto nijaribu mkono. Nimeandika G, nimeandika A, na mkono ukashuka wenyewe kwenye R. Nimefuta. Nimeandika tena, R. Mara ya tatu nimeushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto kama mtu anayemfundisha mtoto, ndipo L ikatoka, imepinda, mbaya, sawa kabisa na ile ya shuka.

Nimeitazama muda mrefu. Ni herufi ya baba.

Basi nimeamua. Kesho asubuhi, kabla jua halijapanda, nitapanda ngazi, nitaifunika ile R kwa rangi nyeupe mara mbili ili isichungulie, na nitaandika L. Na jina langu nitaliandika. Sitalificha kwenye kona ya chini pamoja na namba ya simu, kama tunavyofanya kwenye maduka. Nitaliandika chini ya jina la Zaina, jekundu vilevile: NGOIE. Watakaocheka wacheke, nitakuwepo mlangoni na kitenge kipya.

Wivu haujaondoka. Naomba nisieleweke kwamba umeondoka. Nikifumba macho naona lile kopo linalojitikisa lenyewe na ninatamani betri iishe Jumamosi katikati ya hotuba. Natamani maisha yale, yale ya kukaa ngazi ya chini bila kukasirika kwa sababu watu tayari wanakupigia makofi. Yangeweza kuwa yangu. Labda yasingekuwa.

Jina lake ni sentimita kumi na mbili. Nilipima mwenyewe.

Langu litakuwa kumi na mbili na nusu. Hakuna atakayeiona nusu hiyo, hata Zaina. Mimi nitaiona kila nitakapopita.